Staji ya Mtoto Inaanzia Nyumbani



Juma lililopita hatukumaliza mambo tuliyopanga. Tulikuwa tumeketi kuhesabu akiba, mama mmoja akaomba neno. Binti yake anasoma umeme, mwaka wa tatu. Siku ya kutangaza matokeo jina lake halikusomwa kati ya waliopita. Masomo ya darasani alikuwa ameyapita yote. Kilichomwangusha ni staji. Alitakiwa kufanya siku 30, akafanya 11. Daftari lake lilibaki na kurasa nyeupe, na msimamizi hakuweza kutia sahihi juu ya siku ambazo hakumwona.

"Ni mimi niliyemtoa," mama akasema. "Nilikwenda Kasindi kuchukua bidhaa, nikamwambia akae kwenye meza yangu sokoni. Nilirudi nimegonjwa, akaendelea kukaa. Nilifikiri staji ni kama matembezi. Hawamlipi kitu, basi nikaona si kazi."

Tulinyamaza. Kisha mwenyekiti wetu akauliza: kati yetu tulio na watoto katika masomo ya uinjinia, nani anaweza kueleza staji ni nini? Mikono iliyoinuka ilikuwa miwili. Sisi wengine tuliangalia chini. Tumelipa minervali miaka na miaka, tumeuza ndizi na sabuni, tumechukua mkopo wa AVEC kwa ajili ya masomo, na bado hatujui kile kitu ambacho mtoto akikikosa diploma haitoki. Kosa la mama yule ni letu sote. Ndiyo maana juma hili tunaacha habari ya mboga na uzazi, tunazungumza juu ya staji.

Staji ni nini

Staji ni muda ambao mwanafunzi anatoka darasani na kwenda kufanya kazi mahali ambapo kazi yenyewe inafanyika: kwenye kituo cha umeme, kwenye barabara inayojengwa, garajini, kiwandani, kwenye ofisi ya kompyuta. Mara nyingi ni mwezi mmoja, na mwaka wa mwisho inaweza kuwa miwili au mitatu. Chuo kinampa barua ya kumtambulisha. Mahali pa kazi panampa msimamizi mmoja. Kila siku mwanafunzi anaandika katika daftari alichofanya, msimamizi anatia sahihi, na mwishoni anampa pointi. Akirudi chuoni anaandika ripoti, na ripoti hiyo nayo inapewa pointi.

Kwa kawaida halipwi. Hapo ndipo wengi wetu tunapotea. Sisi ni watu wa biashara, na kitu kisicholeta faida jioni tunakiona ni hasara. Lakini hebu tufikiri kama wafanyabiashara kweli. Minervali ya miaka mitatu ni mtaji ambao tayari umetoka mfukoni. Staji ni siku ya kufungua mzigo. Nani kati yetu analipa mzigo mpaka Kasindi, halafu anauacha mpakani kwa sababu hataki kulipa pikipiki ya mwisho?

Tena staji ndiyo mara ya kwanza mtu mwenye kazi anamwona mtoto wetu. Wengi wanaopata kazi katika miji yetu hawakuipata kwa tangazo. Shefu fulani alimkumbuka kijana aliyekuja staji, ambaye alifika saa moja na nusu asubuhi kila siku na hakuficha kosa lake.

Mahali pa staji katika nchi yetu

Tangu Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben kilipoanzishwa hapa Butembo mwaka 1989, masomo makubwa yamezidi kutusogelea. Beni nayo ilipata UCBC mwaka 2007, na vyuo vingine vimefuata. Kabla ya hapo, mtoto wa Lubero au Beni alikwenda Kisangani, Kinshasa au Lubumbashi, na wengi hawakurudi. Sasa chuo kiko karibu. Lakini viwanda havikuongezeka kwa mwendo ule wa vyuo, na wanafunzi wengi wanagombea milango michache.

Hata hivyo milango ipo. Kwa miaka mingi mji wetu wa Butembo uliishi kwa grupu: kila duka na mashine yake, kila mtaa na moshi wake. Baadaye tukaona maji yetu yakigeuka umeme. Kituo cha Mutwanga, chini ya mlima Ruwenzori, kilianza kutoa umeme mwaka 2013. Kule Rutshuru, Matebe ilifuata mwezi wa 12 mwaka 2015, ikiwa na megawati zaidi ya 13. Na katika Lubero kuna Luviro. Kila kituo kinahitaji watu wa kuangalia mtambo, kuvuta waya, kusimika nguzo na kusoma mita.

Barabara nayo ni shule. Tarehe 16 mwezi wa sita 2021, marais wa Congo na Uganda walikutana mpakani Kasindi kuzindua ujenzi wa barabara: Kasindi mpaka Beni kilomita 80, Beni mpaka Butembo kilomita 54, na nyingine kutoka Bunagana mpaka Goma. Mwanafunzi wa ujenzi aliyesimama pale udongo unaposhindiliwa na kupimwa, akaona kwa nini mfereji wa maji unatangulia lami, amejifunza kitu ambacho ubao wa darasa hauwezi kumwonyesha.

Na tusidharau mahali padogo. Garaji inayotengeneza magari ya Fuso, fundi wa kuchomelea vyuma, mtu anayefunga pano za sola, mashine ya kukoboa kahawa, mahali pa kuchachusha na kukausha kakao: pote pana kazi ya injinia. Wafanyabiashara wa Butembo wanaleta mashine kutoka Dubai na China miaka mingi sasa. Mashine ikifa, mara ngapi tunamwita fundi kutoka Kampala, au tunaitupa nyuma ya nyumba? Mtoto anayejua kuifungua na kuirudisha atakula ugali katika mji huu.

Ila mlango mmoja umekuwa mgumu. Zamani wengi walikwenda Goma kufanya staji. Tangu Goma ilipochukuliwa na M23 mwezi wa kwanza 2025, njia hiyo si ya kumwambia mtoto "nenda tu." Kwa hiyo mahali pa staji tupatafute hapa karibu, na tupatafute mapema.

Miezi mitatu kabla

Barua ya staji isipelekwe juma moja kabla. Wanafunzi wengi wanangoja mpaka chuo kifunge, kisha wote wanafika kwenye mlango mmoja siku moja. Tumwambie mtoto atayarishe mambo haya miezi mitatu kabla.

Kwanza, barua. Iwe fupi, kwa Kifaransa safi, iseme anasoma nini, mwaka gani, anataka kujifunza nini pale, na tarehe za kuanza na kumaliza. "Naomba staji" peke yake haitoshi. "Nataka kujifunza namna ya kupima na kufunga umeme wa nyumba" inamfanya shefu ajue atamweka wapi. Apeleke barua mahali patatu au panne, abaki na nakala yenye sahihi ya aliyeipokea, na baada ya juma mbili arudi kuuliza kwa heshima.

Pili, mikono. Hapa sisi mama tuna hatia. Tunaye mwanafunzi wa umeme nyumbani, lakini soketi ikiharibika tunamwita jirani kwa sababu "huyu ni mtoto." Tumwache azime umeme kwenye mita, ahakikishe umezimika, kisha afungue. Mwanafunzi wa ujenzi ashike pimamaji siku baba anapojenga ukuta wa jiko. Wa mitambo akae Jumamosi mbili garajini kwa fundi tunayemfahamu, ajue majina ya funguo na bisibisi. Mtoto anayefika staji hajawahi kushika chombo anapewa ufagio, na si kwa ubaya: shefu anaogopa atajiumiza.

Tatu, vifaa. Buti ngumu, nguo ya kazi, daftari la jalada gumu, kalamu mbili, mita ya kukunja. Kofia ya kazi na glavu aulize kama atapewa. Buti za mtumba zinapatikana sokoni, na anayejua kuchagua ni sisi. Mtoto asiende kwenye nguzo za umeme na kandambili kwa sababu tuliona buti ni anasa. Umeme hauulizi kama mtu ni mwanafunzi.

Nne, mdomo. Watoto wetu tumewafundisha kunyamaza mbele ya wakubwa, na ni heshima nzuri. Lakini kwenye kazi, anayenyamaza bila kuelewa anaweza kuua mtu. Tumzoeze kusema: "Samahani shefu, hapo sijaelewa, naomba unionyeshe tena." Azoee kuyasema nyumbani kwanza, kwa baba yake, kwa mjomba. Baba asimwone amekosa adabu.

Hesabu ya nyumbani

Tulifanya hesabu hii pamoja mkutanoni. Tuseme motari anachukua franka 1,500 kwenda na 1,500 kurudi. Siku 26 za kazi ni franka 78,000. Hapo bado chakula cha mchana, bado kuchapa ripoti. Mama akikutana na 78,000 siku moja, anaona mlima. Lakini akianza juma 12 kabla, ni franka 6,500 kwa juma. Mtoto akitembea kwa miguu wakati wa kwenda, kukiwa kumepambazuka na njia ni salama, inabaki nusu.

Kwa hiyo tulikubaliana jambo moja: mwenye mtoto wa staji aseme mapema, na zamu yake ya likelemba isogezwe ifike mwezi ule. Hatumpi zawadi. Ni zamu yake ileile, ila inakuja siku inayofaa. Vikundi vyenye AVEC au muso vinaweza kutumia mfuko wa jamii kwa mkopo mdogo bila riba. Pesa ya namna hiyo inarudi. Diploma iliyokwama hairudishi kitu.

Halafu kuna pesa isiyoonekana, ndiyo saa za mtoto. Kijana akienda staji, nyumba yote inasema "msimwamshe, amechoka." Msichana akienda staji, anaamka saa kumi kuchota maji, anapika sombe, anaosha wadogo, kisha anakimbia kazini amechelewa, na jioni vyombo vinamngoja. Tumeona hivyo katika nyumba zetu wenyewe. Tusidanganyane kwamba binti alishindwa na masomo, kama sisi tuliyakata masomo yake vipande kwa ndoo na sufuria. Katika mwezi wa staji, ndoo ya maji ibebwe na kaka yake. Na meza ya sokoni, tukisafiri, tumwombe jirani wa meza.

Jambo tusilolionea haya

Staji ni bure. Hakuna mtu mwenye haki ya kudai pesa ya siri ili amwingize mtoto au atie sahihi. Na kuna deni lingine ambalo wengine wanalidai kwa binti zetu, nasi tunalijua ingawa hatulisemi. Mama mmoja alitueleza juu ya mpwa wake, ambaye msimamizi alikuwa akimwambia kila jioni abaki nyuma "tusahihishe daftari," na daftari halikusahihishwa mpaka alipoacha kwenda.

Tuwaambie mabinti wazi, kabla hawajaanza: hakuna sahihi inayolipwa kwa mwili. Sheria ya Congo ya tarehe 20 mwezi wa saba 2006 inamwadhibu anayetumia mamlaka ya kazi yake kumsonga mtu ili apate mambo ya kingono. Adhabu ni kifungo cha mwaka 1 mpaka miaka 12, faini, au mojawapo ya hizo. Binti aandike siku, saa na maneno. Amwambie mama siku ile ile, na amwambie mwalimu wa chuo anayesimamia staji, ili ahamishwe bila kupoteza siku zake.

Lakini atatuambia kama tu anajua hatutamuuliza kwanza, "Ulikuwa umevaa nini?" Swali hilo limefunga midomo mingi. Tuseme hivi: "Umefanya vizuri kuniambia. Kesho tunakwenda pamoja chuoni."

Na usalama wa njia. Tunaishi chini ya hali ya dharura tangu tarehe 6 mwezi wa tano 2021, na kila mama wa Beni anajua majina ya njia zilizotuliza. Staji nzuri iliyo mbali haifai kama mtoto atapita alfajiri mahali ambapo watu wanavamiwa. Akipata nafasi nje ya mji, tuulize kwanza: atalala wapi, kwa nani, atasafiri saa ngapi, na kama njia ikifungwa atarudije. Akifika na akiondoka, apige simu. Kukiwa na habari mbaya, abaki nyumbani, atoe taarifa kwa msimamizi, na siku hiyo iandikwe na sababu yake. Siku zinalipwa baadaye.

Staji ikisha kuanza

Jioni tusiulize "Wamekupa kitu?" Tuulize "Leo umejifunza nini?" Ataeleza, nasi hatutaelewa yote, si neno. Akieleza kwa mama asiyejua umeme mpaka mama akaelewa, ripoti imeanza kuandikika. Kisha aandike daftari kabla ya kulala: alifanya nini, kwa chombo gani, kwa nini, nini kilikwenda vibaya. Asingoje Jumapili, kwa maana Jumapili Jumanne imekwisha kusahaulika.

Akipewa kufagia na kuleta chai siku za kwanza, avumilie. Kila mtu alianza kwa ufagio. Likipita juma zima bila kitu kingine, aende kwa msimamizi na kuomba kazi moja ndogo kwa jina lake: "Naomba kesho nishike kitabu cha vipimo." Kijana wa mmoja wetu alikaa siku nyingi kwenye mashine ya unga akibeba magunia. Hakulalamika, wala hakulala. Aliandika katika daftari kila mara mashine iliposimama, saa ngapi na kwa sababu gani. Mwisho aliona kwamba mara nyingi inasimama kwa mkanda uleule, saa zilezile za kazi nyingi. Alipomwonyesha mwenye mashine, mkanda ukabadilishwa kabla haujakatika. Ripoti yake ilitoka katika magunia yale.

Na mwisho wa staji asitoke kimya. Aage, ashukuru, aombe cheti cha staji chenye mhuri, na abaki na namba ya simu ya msimamizi. Nakala ya ripoti moja apeleke pale alipofanya kazi. Ni wachache wanaofanya hivyo, kwa hiyo wanaofanya wanakumbukwa.

Yule binti wa mwanzo? Atarudia staji yake, siku zote 30. Hata zile 11 hazikuhesabiwa. Mwaka wake umesogea, na hilo hatuwezi kulirudisha. Zamu ya mama yake ya likelemba tumeileta mbele. Meza yake ya sokoni tumeigawana kwa siku, mama watano. Buti zilitoka kwa mama mmoja ambaye kijana wake amemaliza. Zilikuwa kubwa kidogo, tukaweka soksi mbili. Anaanza Jumatatu.

Kazi ya juma hili kwa vikundi: kila mama mwenye mtoto katika masomo ya uinjinia amuulize leo jioni maswali matatu. Staji yako ni lini? Barua umepeleka wapi? Unakosa nini? Majibu tuyalete mkutanoni, yaandikwe katika kitabu cha kikundi, pembeni ya majina ya wadaiwa. Na mwenye kaka, shemeji au mteja ambaye ana garaji, kiwanda au kazi ya ujenzi, amuulize swali la nne: unaweza kupokea mmoja?

Juma lijalo tunarudi kwenye mboga. Mbaki salama.